Kompyuta ya zamani haioni diski: kagua betri, kebo na jampa kwanza

Swali: Nina kompyuta ya mezani ya mwaka 2004 yenye diski ngumu ya IDE (kiunganishi cha zamani cha kebo pana na bapa) ya GB 80. Ilikaa miaka mitatu bila kuwashwa. Nilipoitoa niliifungua, nikapuliza vumbi, nikachomoa nyaya zote na kuzirudisha. Sasa nikiwasha inaandika "CMOS checksum error – Defaults loaded". Nikibonyeza F1 inaendelea kidogo, halafu inakwama kwenye "DISK BOOT FAILURE, INSERT SYSTEM DISK AND PRESS ENTER". Diski naisikia ikizunguka. Draivu ya DVD imo kwenye kebo hiyohiyo. Fundi ameniambia diski imekufa, ninunue nyingine, lakini humo mna picha za familia ambazo sina kwingine kokote. Ni kweli imekufa?

Jibu: Katika maelezo yako hakuna kinachothibitisha kwamba diski imekufa. Ujumbe wa kwanza unailalamikia betri ya madabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Diski haikutajwa kabisa. Ujumbe wa pili maana yake ni kwamba BIOS, programu ya madabodi inayoiamsha kompyuta, imetafuta pa kuanzishia Windows ikakosa. Hausemi imekosa kwa nini: huenda diski ni mbovu, huenda haionekani, huenda inaonekana ila imeachwa nje ya orodha ya kuanzia. Na tangu siku ilipofanya kazi mara ya mwisho, kilichoguswa na mikono ni nyaya. Fundi anaweza kuwa sahihi, lakini kama hakuingia kwenye BIOS wala hakutazama jampa (kiunganishi kidogo cha pini nyuma ya diski), basi amekisia.

Kwa kuwa picha hizo hazina nakala, kuna mambo matatu ya kuacha kuanzia sasa: usiweke CD ya Windows kwa nia ya "kurekebisha", usifomati, na usiendeshe CHKDSK. CHKDSK kazi yake ni kuunyoosha mfumo wa mafaili uwe sawa kimantiki, si kuokoa mafaili. Kwenye diski yenye sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) mbovu inaweza kuyatenga mafaili na folda zake, ukaachiwa vipande vyenye majina ya namba tu.

Anza kwa kusikiliza, maana neno "inazunguka" lina mengi ndani yake. Fungua ubavu wa kompyuta, chukua bisibisi ndefu, gusisha ncha yake kwenye ukingo wa kifuniko cha chuma cha diski (si upande wenye ubao wa saketi), na mpini uuweke kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mwombe mtu awashe. Diski nzima hutoa mvumo unaopanda kwa sekunde 5 hadi 10, kisha mikwaruzo michache mifupi vichwa vya kusomea vikijipanga, kisha mvumo uliotulia. Ukisikia tak, tak, tak kwa mpigo uleule, na baadaye injini ikazimika yenyewe, zima umeme papo hapo: vichwa vinatafuta alama za kujielekeza kwenye sahani zinazobeba data na havizioni, na kila sekunde ya ziada ni hatari ya kuchuna uso wa sahani. Ukisikia mlio mwembamba kama wa nzi aliyenaswa bila mzunguko wowote, vichwa vimeganda kwenye sahani au injini imekwama. Katika hali hizo mbili, acha kusoma hatua za hapa chini. Diski hiyo inahitaji maabara ya kuokoa data, na kila jaribio la nyumbani hupunguza kitakachopatikana.

Mvumo ukiwa wa kawaida, ingia kwenye BIOS. Ujumbe uliouona ni wa mtindo wa Award (mtengenezaji wa BIOS), kwa hiyo kitufe ni Delete, ukibonyeze mfululizo mara tu unapowasha. Mashine nyingine hutumia F1, F2 au F10. Ukurasa wa kwanza una mistari ya IDE: Primary Master, Primary Slave, Secondary Master, Secondary Slave, yaani kifaa kikuu na cha pili kwenye kila moja ya chaneli mbili. Simama kwenye mstari wa Primary Master, bonyeza Enter, chagua utafutaji wa diski, kisha subiri. Matokeo yanaweza kuwa ya namna nne, na kila moja ina njia yake.

Jina likitokea vizuri, sawa na lililoandikwa kwenye lebo, pamoja na ukubwa wa kama GB 80, basi diski inaonekana na shida yako ni mpangilio. Kagua orodha ya kuanzia: betri ilipokufa BIOS ilirudi kwenye mpangilio wa kiwandani, na huko mara nyingi flopi na CD hutangulia, au diski haimo kabisa. Weka diski iwe ya kwanza, hifadhi kwa F10.

Jina likitokea limevurugika, herufi kadhaa zimebadilika na alama zisizoeleweka katikati, usiilaumu diski. Jina hilo limesafiri kwenye nyaya 16 za data, na waya mmoja uliokatika au pini moja iliyopinda inatosha kugeuza herufi moja kuwa nyingine. Badili kebo.

Kama jina ni la ajabu kabisa, neno moja ambalo halipo popote kwenye lebo, au ukubwa unasomeka sifuri, hapo diski ni mgonjwa kweli. Saketi yake imejibu lakini imeshindwa kusoma programu yake ya ndani, ambayo sehemu kubwa huhifadhiwa kwenye sahani zenyewe. Hilo nalo ni la maabara.

Kama hakuna jina, "None" tupu, ndipo kazi inapoanza.

Ianze na betri, si kwa sababu ndiyo yenye makosa, bali kwa sababu ikiwa mbovu kila unachorekebisha kwenye BIOS kitafutika ukichomoa waya wa ukutani. Betri ni ile ya duara ya CR2032, volti 3. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kompyuta mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini, kisha sukuma kibanio cha pembeni na betri itaruka juu yenyewe. Betri mpya husoma volti 3 na kitu kwenye multimita. Ikishuka karibu na 2.7 au chini yake, imekwisha. Upande wenye alama ya + hutazama juu. Ukisharudisha, ingia BIOS, pakia mpangilio wa kawaida, weka tarehe, hakikisha mistari yote ya IDE iko kwenye "Auto", na kwenye ukurasa wa vifaa vya ndani hakikisha chaneli za IDE hazijazimwa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Kwenye mashine ya 2004 betri mbovu peke yake mara nyingi haifichi diski ya IDE, kwa sababu mpangilio wa kiwandani huwa "Auto". Kwenye mashine nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990 mambo ni tofauti: idadi ya silinda, vichwa na sekta, yaani vipimo vya diski, iliandikwa kwa mkono, na betri ikifa hesabu hizo hupotea nayo. Kwa upande wa SATA, kiunganishi kilichokuja baada ya IDE, betri ikifa inaweza kubadili hali ya kidhibiti kutoka IDE kwenda AHCI (njia mbili za kuzungumza na diski) au kinyume chake. Hapo diski huonekana kwenye BIOS, lakini Windows XP huanguka na skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Rudisha hali ya awali na itaamka bila kubadilisha chochote kingine. Kwa hiyo badili betri, ila usishangae kama diski bado haionekani. Mshukiwa wangu mkuu kwako ni kebo na jampa.

Kebo ya IDE ya enzi hiyo ina matundu 40 lakini nyaya 80. Nyaya 40 za ziada ni za ardhi, zimepita katikati ya nyaya za data ili zisiingiliane kwenye kasi kubwa. Ina vichwa vitatu na kila kimoja kina mahali pake. Cha bluu huingia kwenye madabodi. Cheusi, kilicho mwisho kabisa, ni cha kifaa kikuu, yaani Master. Cha kijivu, cha katikati, ni cha kifaa cha pili, Slave. Anayechomoa na kurudisha bila kupiga picha kwanza ni rahisi sana kuweka cheusi kwenye madabodi na cha bluu kwenye DVD. Kwenye kebo ya namna hii kosa hilo huvuruga mambo: ndiyo inayoamua nani mkuu nani wa pili pale jampa zinapokuwa kwenye "Cable Select". Urefu wote usizidi inchi 18, kama sentimita 46, kwa hiyo usishawishike na kebo ndefu ya kupendeza.

Ukingo wenye mstari mwekundu ni upande wa pini namba 1, na kwenye diski pini hiyo huwa upande wa soketi ya umeme. Kebo nzuri ina kifundo cha plastiki pamoja na tundu namba 20 lililozibwa, hivyo haiingii kinyume. Za bei ya chini hazina hata kimoja. Ikiingia kinyume, pini namba 1 ya diski, ambayo ni ya amri ya kuanza upya, hukutana na waya namba 40 ambao ni ardhi. Diski hubaki imeshikiliwa katika amri ya kuanza upya muda wote kompyuta ikiwa imewaka, na mara nyingi taa ya diski mbele ya kasha huwaka bila kuzimika. Ukiona taa hiyo imekodoa macho tangu unapowasha, geuza kichwa kimoja cha kebo kabla ya kufanya lolote jingine. Kwa kawaida hakuna kinachoungua.

Ukishachomoa kebo, elekeza tochi kwenye pini za diski na za madabodi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kutoka juu pini iliyolala huonekana kama imesimama. Nafasi ya pini namba 20 kuwa tupu ni kawaida. Nyingine zote ziwepo na ziwe wima. Iliyopinda inyooshwe taratibu kwa kibanio chembamba, mara moja tu, kwa sababu chuma chake huchoka upesi.

Sasa jampa, kile kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani kinachounganisha pini mbili, kati ya soketi ya data na ya umeme. Vifaa viwili kwenye kebo moja vikisema vyote ni Master, hujibu kwa pamoja na BIOS haisikii yeyote, au inasikia DVD tu. Ramani ya jampa iko kwenye lebo ya diski. Njia ya kuondoa utata wote ni kuitoa DVD kabisa, data na umeme, ukabaki na diski peke yake kwenye kichwa cheusi, jampa ikiwa Master. Kuna kasoro moja kwenye kanuni hiyo: diski nyingi za IDE za Western Digital hutofautisha "mkuu mwenye mwenzake" na "peke yangu". Zikiwekwa Master bila kuwa na Slave, hungoja mwenzake asiyekuwepo, na mashine nyingine haziioni kabisa. Kwa hizo, ukibaki na diski moja, toa jampa yote au fuata mchoro wa "Single" kwenye lebo. Diski ikionekana ikiwa peke yake, rudisha DVD ikiwa Slave, au bora zaidi iweke kwenye chaneli ya pili kwa kebo yake.

Bado haionekani? Fanya jaribio moja la bure. Iwashe, iache ikwame kwenye ujumbe wa kosa kwa nusu dakika, kisha bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja bila kuzima umeme. Kama safari hii diski imetokea, inachelewa kupata kasi ikiwa baridi, na BIOS inachoka kungoja. Zima ukaguzi wa haraka kwenye BIOS, ongeza sekunde za kusubiri diski kama mpangilio huo upo, halafu kopi data siku hiyohiyo. Sababu huwa ni beringi za injini zilizochoka au saplai ya umeme iliyodhoofika.

Saplai hupimika. Kwenye kichwa cha umeme chenye pini nne, waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, weusi wawili ni ardhi. Weka multimita kwenye DC, ncha nyeusi kwenye mweusi, ncha nyekundu kwenye njano ya kichwa ambacho hakijatumika, na soma wakati diski inaanza, si baada ya kutulia. Diski ya inchi 3.5 huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza, na hapo ndipo saplai iliyozeeka hujulikana. Inayokubalika ni 11.4 hadi 12.6 kwa njano, na 4.75 hadi 5.25 kwa nyekundu. Tazama pia kapasita za madabodi: vichwa vyake viwe bapa. Vilivyovimba au vilivyovuja utomvu wa kahawia vinaeleza mambo mengi. Saplai yenyewe usiifungue, kapasita zake kubwa hubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.

Yote hayo yakiwa sawa na diski bado haijatokea, mtihani wa mwisho ni kuipeleka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya IDE kwenda USB. Nunua yenye kibadilishi chake cha umeme, kwa sababu USB hutoa volti 5 tu na diski ya inchi 3.5 haizunguki bila volti 12. Jampa iwe Master (au "Single" kwa zile nilizozitaja). Ikionekana huko, mshukiwa ni madabodi, si diski. Windows ikikuuliza kama unataka kuianzisha au kuifomati, kataa.

Diski ikionekana popote pale, nakala kwanza, mengine baadaye. Kama inasomeka bila kusita, kopi folda za picha moja kwa moja. Kama inakwama-kwama, tumia Linux inayoendeshwa kutoka kwenye flashi, kwenye kompyuta mpya zaidi, na programu ya ddrescue, ambayo husoma sehemu nzima kwanza na kuziacha zenye shida ziwe za mwisho. Hakikisha kwa `lsblk`, amri inayoorodhesha diski zote, ni kifaa kipi. Hapa nachukulia ni sdb. Ingia kwenye folda ya diski ya kupokelea, kisha:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img ramani.map`

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img ramani.map`

Amri ya kwanza hupita haraka, ya pili hurudia sehemu zilizoshindikana mara tatu. Faili la ramani ndilo linalokumbuka ulipofika, kwa hiyo usilifute ukikatiza. Diski ya kupokelea iwe na nafasi zaidi ya GB 80 na isiwe FAT32, ambayo haikubali faili linalofika GB 4.

Afya yenyewe isomwe kwa `sudo smartctl -d sat -a /dev/sdb`, ingawa baadhi ya adapta haziipitishi amri hiyo. Namba za kutazama ni tatu: 5, sekta zilizokwisha kubadilishwa, 197, sekta zinazosubiri hukumu, na 199, makosa ya njiani. 199 ikiwa kubwa na nyingine mbili zikiwa sifuri, kosa ni la kebo.

Ushauri wa kuiweka diski kwenye friza upuuze. Unyevu huganda juu ya sahani na vichwa huteleza nanomita chache tu juu yake. Kubadili ubao wa saketi kutoka diski ya aina hiyohiyo nako hakutoshi kwa diski nyingi za enzi hii, kwa sababu chipu ndogo ya ROM hubeba vipimo vya diski moja tu na lazima ihamishwe nayo.

Ukiamua mwishowe kuweka diski nyingine, angalia ukomo wa BIOS. Mashine zisizo na anwani za biti 48 huona GB 137 tu, yaani sekta milioni 268 na ushee za baiti 512, na Windows XP huvuka hapo kuanzia Service Pack 1. Kwa kuwa diski mpya za IDE hazitengenezwi tena, SSD ndogo ya SATA yenye adapta ya IDE, au kadi ya CompactFlash ambayo huzungumza IDE yenyewe, ni chaguo zuri kuliko diski kuukuu ya mtu mwingine.

Na unapokopi ukitumia mashine hiyohiyo ya zamani, hakikisha soketi zake ni za USB 2.0 na draiva yake imewekwa. Kwa kasi ya kama MB 30 kwa sekunde, GB 80 huchukua takriban dakika 45. Kwa USB 1.1, inayotoa karibu MB 1 kwa sekunde, kazi hiyohiyo inachukua saa 22, na hizo ni saa nyingi za kuisumbua diski ambayo hujaijua afya yake.